Mchumba wa Kushikiwa Nafasi

Naapa kwa meno yangu yote, yaliyomo kinywani na yale niliyomwachia daktari, kwamba haya yalitokea kama nitakavyoyasimulia, na anayebisha aende akamuulize shangazi mtu. Ila aende amevaa kofia ngumu.

Mimi kazi yangu ni kusimama. Usicheke. Ujanani nilikuwa mwendesha lifti katika jengo refu hivi kwamba mtu aliyeajiriwa ghorofa ya juu alikuwa akishuka nyumbani anakuta watoto wameshaota ndevu. Baadaye watu wakajifunza kubonyeza vitufe wenyewe. Nikapewa saa ya ukutani, nikapigwa picha, nikaambiwa nikapumzike. Nilipumzika mpaka nikachoka. Ndipo jirani yangu akaniwekea simuni ile programu ya wasio na muda: mtu anabonyeza, na mzee kama mimi anakwenda kumsimamia foleni. Hospitali, benki, ofisi ya maji, duka la simu siku linapotoa toleo jipya. Nabeba kigoda changu, nakwenda kuwa mtu mwingine.

Na kazi hii ina kanuni moja tu: ukishika nafasi ya mtu, wewe ndiye yeye. Ukiulizwa, jibu. Ukibabaika, wa nyuma yako anakupita.

Siku hiyo simu ilipolia alikuwa ni kijana mmoja mteja wangu, mpole, mwenye sauti ya mtu anayeongea huku akiandika kitu kingine.

“Babu, mchana huu una kazi?”

“Inategemea. Foleni ya wapi?”

“Si foleni hasa.” Akakohoa. “Ni kwa kina mchumba wangu.”

“Wako wangapi mbele yako?”

“Hakuna mtu mbele yangu, babu!”

“Sasa nikushikie nafasi ya nini, mwanangu, kama foleni yenyewe ni ya mtu mmoja?”

Nilimsikia akishusha pumzi kama tairi. “Leo najitambulisha kwao. Mara ya kwanza nikaahirisha, nina kikao. Mara ya pili nikaahirisha, nina kikao. Mama yake kasema safari hii kiti kikikaa kitupu, habari imekwisha. Na yeye mwenyewe...” Hapo akaacha kuandika. “Yeye mwenyewe kasema mama ana haki.”

“Basi nenda!”

“Nina kikao.”

“Ebo!”

“Ni cha mkataba, babu. Leo ndiyo wananiambia kama naendelea au siendelei. Wako nchi ambayo sijaikanyaga, sasa hivi ndiyo wanaamka. Nikiondoka mezani kidogo tu, taa yangu kwao inageuka nyekundu. Nishikie kile kiti nusu saa. Ukae, unywe chai, usiseme kitu.”

Usiseme kitu! Angeniambia nisimame kwa mguu mmoja nusu saa ningeona amenihurumia.

Nikaenda, na mlango ukafunguliwa kabla sijabisha. Kizingitini alisimama mwanamke mwembamba, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, mikono kiunoni. Huyo ndiye shangazi mtu.

“Wewe nani?”

“Mimi ndiye mgeni wenu.”

Akanitazama kuanzia kipara hadi kigoda. “Wifi!” akaita ndani. “Njoo umpokee mkwe wako! Tumemngoja mno, kaja ameshazeeka.”

Mama mtu akatoka jikoni akijifuta mikono. Alikuwa na uso wa mtu aliyepika vizuri mara mbili na chakula kikaliwa na majirani mara zote mbili. Sebule ilikuwa imefagiwa, mapazia yamefuliwa, na kiti kimoja kimewekwa peke yake katikati, kikitazamana na kochi kuukuu la watu watatu lililobonyea. Ukikaa kwenye kile kiti unajisikia umeiba.

“Mwenyewe yuko wapi?” mama akauliza.

Sasa nisemeje? Niseme mimi ni mzee wa foleni? Nilimtazama yule mama, nikaona hana nguvu za kusikia neno kama hilo. Basi ulimi wangu ukaamua wenyewe, mimi sikushirikishwa.

“Yuko njiani. Mimi ni babu yake, nimetangulia. Huyu mtoto nimemlea kwa mikono hii. Alikuwa hivi!” Nikaonyesha kimo ambacho, nikikifikiria leo, kilikuwa cha kuku.

Hapo akaingia binti.

Nimewaona wasichana wazuri wakipanda na kushuka kwa miaka mingi, lakini huyu alikuwa na uzuri wa mtu ambaye hana habari nao. Amefunga kitambaa kichwani, utepe wa kupimia shingoni, na vumbi la sponji limemkaa kwenye nyusi. Hakunitazama mimi. Aliutazama mlango nyuma yangu, akangoja kidogo, kama mtu anayedhani mwenzake ameinama tu kufunga kamba za viatu na sasa hivi atainuka. Hakuinuka mtu. Macho yakashuka.

“Kikao,” akasema. Hata hakuuliza.

“Anakuja, mjukuu wangu, si muda...”

“Shikamoo, babu. Karibu chai.” Akamgeukia mama yake. “Nina makochi ya watu yanangoja.”

Akatoka kwa mlango wa nyuma. Kwani huyo binti ni fundi wa makochi, na karakana yake iko uani, ukuta mmoja tu na sebule. Kampuni za kukodisha samani, zile ambazo vijana siku hizi wanachukua kitanda cha mwezi huu na meza ya mwezi ujao, zinamletea vilivyochanika na vilivyobonyea, naye anavirudishia uhai. Haikupita dakika tukasikia nyundo. Ko! Ko! Ko! Misumari ile ilikuwa na majina ya watu, na mimi nilijua ni jina la mtu mmoja.

Shangazi akavaa miwani. “Haya, babu. Kwa kuwa mwenyewe amekutuma, wewe utajibu. Kijana ana kazi gani?”

“Kazi kubwa.”

“Ipi? Maana sisi tunamwita Bwana Kikao, hatujui zaidi.”

“Anaendesha watu wa mabara matatu, shangazi. Akipiga chafya, ng'ambo huko wanaandika.”

“Ofisi yake iko wapi?”

“Popote alipo.”

“Yaani hana.”

“Yaani anazo nyingi mno.”

“Nimesikia anashinda nyumbani,” mama akasema taratibu. “Asubuhi nyumbani, mchana nyumbani, jioni nyumbani. Baba yake binti yangu alikuwa akitoka asubuhi na kurudi jioni. Ukimwona anarudi unajua alikuwa kazini. Huyu nitajuaje?”

“Atakuwa anarudi chumbani,” nikasema. “Kutoka sebuleni.”

Shangazi akanipuuza. “Vitu vya ndani anavyo?”

“Nyumba imejaa! Lile kochi lake peke yake ni la ukoo. Lilitengenezwa na babu wa babu yangu kwa mti mmoja...”

Nyundo ikakoma. Sauti ikapenya dirishani: “Kochi hilo la kampuni! Nimelishona mimi, mara mbili!”

Nikanywa chai. Ilikuwa ya moto sana, lakini nilihitaji mahali pa kuficha uso.

“Watakaa wapi wakioana?” mama akauliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa na kitu ndani yake. Nikaelewa. Nyumba ilikuwa ya wanawake wawili na mmoja wao anakaribia kuondoka. Ulimi wangu, ambao ni laini mno kwa kina mama, ukateleza tena.

“Hapahapa. Kijana kasema hawezi kumwachanisha binti na mama yake.”

“Kasema hivyo?” Uso ukamchangamka.

“Kwa kinywa chake.”

Ko! Nyundo ikapigwa mara moja, kwa nguvu, kisha kimya.

Shangazi akainama mbele. “Na hii kazi ya nyundo? Mimi sijaipenda tangu mwanzo. Mtoto wa kike anatembea na misumari mdomoni kama nungunungu aliyekosea njia. Akiolewa ataendelea nayo?”

Ningesema sijui, na hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini nilishawapa mama na kijana, nikaona na shangazi apewe chake.

“Ataacha. Kijana kashaamua.”

Mlango wa nyuma ukafunguliwa polepole, na binti akasimama pale, nyundo mkononi. Akatema misumari mmoja mmoja kwenye kiganja chake. Hapo ndipo nilipotamani lifti.

“Kaamua nani?” akauliza.

Naapa tena: sekunde hiyohiyo mlango wa mbele nao ukafunguka, na Bwana Kikao akaingia akihema.

Kutoka kiunoni kwenda juu alikuwa bwana harusi. Shati jeupe limenyooshwa, tai imekaa sawa, nywele zimechanwa. Kutoka kiunoni kwenda chini alikuwa mtu aliyekimbia moto: bukta ya kulalia yenye mistari, na kandambili ambazo hazikuwa pacha. Mkono mmoja umeshika simu juu usawa wa uso, na sikioni amechomeka kile kidude cha kusikilizia.

“Nusu yake imefika,” shangazi akatangaza.

“Shikamooni. Samahanini. Samahani sana, mama, nime...” Akainua kidole, akaiambia simu maneno matatu kwa lugha ya kazini, akarudi kwetu. “Nimekimbia njia nzima.”

“Unaongea na nani?” binti akauliza.

“Na wewe.”

“Na huko sikioni?”

Alimtazama. Niliwahi kuona mtu akikosa lifti ya mwisho akiwa na mzigo kichwani, na ndivyo alivyotazama. Binti naye akamtazama, na kwa muda mfupi nyundo ile ikashuka, mabega yakalegea, ungeona kabisa kwamba alikuwa amemkumbuka mpaka akaumia. Kisha kidude cha sikioni kikalia kama nyenje, na kijana, maskini, akatikisa kichwa kukiitikia.

Basi.

“Umeona?” binti akasema. “Umeona unavyofanya? Hapa, mbele ya mama yangu! Siku ile tuliyokwenda kula, mkono mmoja umenishika mimi, wa pili uko chini ya meza unasogeza kipanya cha kompyuta ili taa yako isigeuke nyekundu. Nikadhani unacheza na goti lako!”

“Nilikuwa zamu...”

“Uko zamu siku zote! Na sasa nasikia umeamua niache kazi.”

“Mimi?”

“Na tuhamie hapa.”

“Mimi?!”

“Nimesikia kwa masikio yangu. Kabla hujanioa umeshanipangia, na hata kunipangia kwenyewe umemtuma mtu!”

Kijana akanigeukia. Macho yake yaliniuliza swali refu sana. Nikayapa jibu fupi: nikatazama dari. Angeweza kunisaliti palepale, lakini hakusema.

“Sikusema,” akamwambia binti. “Na kama nimesemewa, si langu.”

“Ndiyo shida yako!” Sasa alikuwa analia na hataki, akajifuta kwa mkono wenye nyundo, mama yake akashtuka. “Hakuna kilicho chako! Kitanda cha kukodi, kochi la kukodi, suti ya siku moja, gari la saa moja. Chakula kinakuja na sufuria na kinaondoka na sufuria. Kila kitu chumbani kwako kina tarehe ya kurudishwa. Nimekaa pale nikajitazama, nikajiuliza mimi yangu imeandikwa wapi.”

“Jamani, mwanangu,” mama akasema.

“Niache, mama. Nimechoka. Sitaki ofisi. Sitaki kochi. Nataka ukiwepo, uwepo. Ni kitu kikubwa hicho?”

Kidude kikalia tena. Sote tulikisikia. Kulikuwa na mtu ndani yake anauliza jambo, anarudia kuuliza.

“Wanakuita,” binti akasema, kwa upole sasa, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kelele. “Waitikie. Mkataba wako huo. Sina hasira. Nenda tu.”

Kijana akasimama katikati ya sebule na bukta yake. Akaitazama simu. Akamtazama binti. Kisha akachomoa kile kidude sikioni mwake, akaja moja kwa moja mpaka kwenye kiti changu, akakichomeka kwenye sikio langu, na simu akanipa mkononi.

“Babu, nishikie nafasi.”

“Wapi, huku?”

“Huko.”

Mnaonikasirikia kwa yaliyotangulia, jueni nililipia hapo. Sikio la kulia lina mwanamke wa ng'ambo anazungumza kama anasoma hukumu, sikio la kushoto lina watu wawili wanaopendana, na mimi katikati na chai inapoa. Lugha ile naijua ya lifti tu: najua “tunapanda” na najua “tunashuka”. Yule mwanamke akaniuliza kitu. Kanuni ni kanuni. Nikamwambia tunapanda.

Kijana alikuwa amesogea karibu na binti, lakini hakumgusa.

“Lile kochi,” akasema, “nililichana mwenyewe.”

Binti akaiweka nyundo chini.

“Mara ya kwanza lilichanika kweli, kampuni ikakuleta. Ukakaa sakafuni chumbani kwangu, misumari mdomoni, huwezi kusema. Mimi naongea, wewe unanijibu kwa macho. Nilikuwa sijaongea na mtu ana kwa ana tangu sijui lini, nilikuwa naongea na vioo vya kompyuta tu. Ulipoondoka chumba kikawa kikubwa. Wiki iliyofuata nikachukua kisu cha mkate.”

“Nilijua.”

“Ulijua?”

“Kitambaa hakichaniki kwa mstari ulionyooka vile, na makombo juu.”

“Kwa nini hukusema?”

Binti akatazama kiganja chake. “Si nilikuwa na misumari mdomoni.”

Nawaambia hata shangazi alivua miwani. Yule mwanamke wa sikioni akaniuliza jambo la pili, kwa ukali kidogo. Nikamwambia tunashuka, nikakohoa kikohozi kirefu cha kuwapa nafasi wale wawili, kikanipalia cha kweli, nikakohoa mpaka machozi. Kulipotulia, sikioni kulikuwa kimya. Simu ikatetemeka mkononi mwangu, ujumbe umeingia.

“Nini?” kijana akauliza, uso umempauka.

Nikampa. Akasoma, akasoma tena. “Wanasema pole kwa mzee anayeumwa. Nimhudumie kwanza. Ya mkataba tutazungumza kesho.”

“Kwa hiyo umepata au hujapata?” mama akauliza.

“Sijui, mama.”

“Hata mimi sijaelewa kazi yenyewe,” mama akasema, akakaa kwenye kochi kama mtu aliyetua mzigo. “Haya. Kaa. Babu, mpishe mwenyewe kiti chake.”

Nikainuka, nikakaa kwenye kigoda changu pembeni, nikajifanya fanicha. Kijana akakaa, magoti yake yakaonekana yote. Binti akabaki amesimama karibu na mlango wa nyuma, na nikaona kwamba mkono mmoja umeshika kitasa. Hajaamua.

“Nitauliza mimi,” shangazi akasema, “na ujibu wewe, si sikio lako. Una kazi?”

“Leo ninayo. Kesho sijui. Ni ya kujibu wateja waliokasirika, na huwa wamekasirika wote.”

“Una vitu?”

“Sina. Sufuria moja. Imetoboka.”

“Mtakaa hapa?”

Alimtazama mama mtu. Lilikuwa jibu gumu. “Hapana, mama. Sijaahidi hivyo. Tutakaa karibu, na tutakuja, na nitakuwa nimevaa suruali. Lakini chumba tutafute chetu.”

Mama akafumba macho kidogo. Akatikisa kichwa, akakubali kwa shida.

“Ataacha nyundo?”

“Akitaka mwenyewe. Mimi ndivyo nilivyomkuta, na ndivyo nilivyompenda.”

Mkono wa binti ukalegea kwenye kitasa. Mimi kigodani nikashangilia kimoyomoyo, nikaona kazi imekwisha, nikainuka kuchukua kigoda changu niondoke. Mama mtu, kwa wema wake, ndiye aliyeniua.

“Angalau umelelewa na mzee mwenye upendo,” akamwambia kijana. “Babu yako katusimulia mengi. Amekulea tangu ukiwa na miaka mingapi hivi?”

Nikamkonyeza. Nikamkonyeza na jicho la pili. Neno moja tu lilitakiwa, namba yoyote, na sisi sote tungeenda nyumbani tukiwa na harusi. Kijana alinitazama, akamtazama binti, ambaye alikuwa amesimama akimsubiri, na nikajua amekwisha.

“Mama,” akasema, “huyu si babu yangu. Hata kwake sipajui. Ni mzee wa kushika foleni. Nimemkodi.”

Saa ya ukutani ikasikika. Sikujua kama walikuwa nayo.

“Umekodi,” shangazi akasema polepole, “babu.”

“Nilimwambia asiseme kitu.”

“Ni kipi ambacho hakukisema! Kochi la ukoo! Mabara matatu!” Akanigeukia, na hapo ndipo nilipotamani ile kofia ngumu. “Wewe mzee, huoni haya? Mvi zote hizo!”

“Shangazi, hebu nieleze. Kwa hakika, ukifuatilia sana, upande wa mama yake na upande wa kwangu tunakutana kwa...”

“Nyamaza!” wakasema wote wanne, na kijana ndiye aliyesema kwa sauti kubwa zaidi.

Nikanyamaza. Wote wakamtazama binti, maana neno lilikuwa lake. Alikuwa ametazama chini, mabega yanatikisika, na kijana akasimama akidhani analia.

“Nimekosa,” kijana akasema. “Najua nimekosa. Ungenidanganya wewe, mimi ningeondoka. Lakini nisingeweza kukaa kwenye kiti hiki nikaanza na uongo.”

Binti akainua uso. Alikuwa anacheka, yale macheko ya mtu aliyechoshwa mpaka mwisho akakuta hakuna pengine pa kwenda.

“Anarudishwa lini?” akauliza.

“Nani?”

“Babu. Tarehe yake ya kurudishwa ni lini?”

Kijana akababaika. “Sasa hivi. Nimemkodi nusu saa.”

“Harudishwi.” Binti akaachia kitasa, akavuka sebule, akasimama mbele ya kiti. “Kitu kimoja katika maisha yako hakitarudishwa, na kitakuwa hiki. Mzee kasema amekulea?”

“Kasema,” shangazi akadakia. “Mashahidi tupo.”

“Basi na alee. Ndugu wa upande wako huna hapa. Siku ya kuja kwa heshima, atakuja yeye. Tukigombana, ataamua yeye. Mtoto akilia, atabembeleza yeye. Na leo, kwa kunifanyia uamuzi wa kuacha kazi yangu, ataanza na kazi yangu.” Akamtazama kijana na macho yale yaliyomfanya achane kochi. “Na wewe uvae suruali, halafu uje uani. Simu iache kwa mama.”

“Nimekubaliwa?” kijana akauliza.

“Nimesema vaa suruali.”

Mama akamtolea suruali ya marehemu baba mtu, fupi kwa kiganja kizima. Alivyoivaa, ungedhani amepewa ya kifalme.

Nami nikapelekwa karakana. Kulikuwa na kochi kubwa limelazwa chali, kitambaa cha zamani kimepigiliwa misumari midogo pande zote kama upele. Shangazi akanipa koleo, akaniambia nichomoe yote, bila kuacha, bila kupinda mbao. Nikamweleza kwamba ujanani niliwahi kuivunja meli nzima kwa koleo dogo kuliko lile. Akaweka kigoda changu mwenyewe nyuma yangu, akakikalia.

Upande wa pili wa karakana wale wawili walikuwa wamekaa juu ya kochi lisilo na sponji, juu ya springi tupu. Kijana hakuwa na kitu mkononi, hakujua mikono iwekwe wapi, mpaka binti akaichukua akaiweka. Walikuwa wanaongea chini chini. Nikageuza shingo nisikie vizuri.

“Tazama kazi yako,” shangazi akasema.

“Naitazama.”

“Umeruka msumari.”

“Nimeuona, nilikuwa nauacha wa mwisho makusudi.”

“Hukuuona, mzee.”

Sikuuona. Nikapiga magoti, nikauchomoa.